Chakula kipo, mtoto hali: maswali kuhusu magonjwa ya ulaji, kwa familia za Bukavu

Maswali haya huletwa na akina mama, mayaya, walimu, na mara nyingine wagonjwa wenyewe wakiuliza "kwa niaba ya rafiki". Si lazima uyasome yote kwa mpangilio. Kama mtu wako anazimia, au moyo unamwenda ovyo, ruka mpaka kwenye swali la hatari kisha urudi huku baadaye.

Kwani kuna ugonjwa wa kutokula? Huku kwetu hakuna anayeshinda njaa kwa kupenda.

Upo. Njaa ya kukosa tunaijua wote, na dawa yake ni chakula. Aliyeshinda na njaa sokoni Kadutu, mwekee bugali na sambaza, atakula na kuomba maji. Mwenye ugonjwa wa ulaji sahani iko mbele yake, tumbo linanguruma, na mkono hauendi. Au unaenda na hausimami.

Madaktari hutofautisha aina kadhaa. Anoreksia: mtu hupunguza chakula mpaka mwili unakwisha, na bado haoni kwamba amekwisha. Bulimia: hula chakula kingi mno kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, au hunywa dawa ya kuharisha, au hufunga siku nzima ili "kufuta"; inahesabiwa ugonjwa ikitokea walau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3. Kuna ulaji wa kupindukia, ambao ni huohuo bila kutapika. Na kuna wanaokwepa chakula bila kuwaza unene hata kidogo, kwa sababu ya harufu, ya namna kinavyohisi mdomoni, au kwa hofu ya kukabwa tangu siku walipokabwa na mfupa wa samaki. Wengi huhama kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa hiyo msipoteze muda mkibishania jina.

Huu si ugonjwa wa Wazungu?

Majina yametoka kwao, kwa sababu wao ndio waliotangulia kuandika: Lasègue mjini Paris mwaka 1873, Gull mjini London wakati uleule, kisha Russell, London pia, akaipa bulimia jina mwaka 1979. Ugonjwa wenyewe hauulizi pasipoti.

Kinachobadilika ni sura yake. Bukavu unene bado unasifiwa. Mwanamke mwembamba huulizwa kama mumewe hamlishi. Kwa hiyo msichana wa huku hatakuambia "naogopa kunenepa". Atakuambia chakula hakishuki, tumbo limejaa, ana vidonda vya tumbo, au yuko kwenye maombi ya kufunga. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wasichana wa sekondari nchini Ghana, na waliokuwa wanajinyima chakula mpaka kukonda vibaya walieleza jambo lao kwa lugha ya dini na ya kujitawala, si ya urembo. Muuguzi anayesubiri kusikia neno "unene" ndipo ashtuke, atamwacha huyo apite.

Simu nayo imeleta sura ya pili. Siku hizi katika nyumba moja unaweza kumkuta mama anayetafuta dawa ya kunenepa na binti anayekunywa chai ya kukausha tumbo.

Tutajuaje nyumbani? Sisi tunakula sahani moja.

Hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Kwenye sinia moja hakuna anayehesabu tonge za mwenzake. Angalia mikono, usiangalie sahani. Anamega bugali, analiviringa muda mrefu, anachovya kwenye sombe, anainua, anaongea, anarudisha. Kitonge kinakuwa kidogo kama punje ya hindi. Anaamka kuleta maji, chumvi, pilipili, chochote kinachomwondoa mezani. Au amekwisha kula "kwa rafiki", kila siku.

Kuhusu kutapika, sikiliza maji. Nyumba nyingi hapa zinatumia ndoo, basi ndoo inayokwisha baada ya kila mlo ni habari. Vivyo hivyo beseni linalolala chumbani, na safari ya chooni isiyokosa dakika 10 baada ya kula. Mashavu yanavimba chini ya masikio kama ya mwenye matubwitubwi. Kwenye mgongo wa vidole vya mkono mmoja kuna makovu ya meno. Meno ya mbele yanapoteza mng'ao.

Kwa anayejinyima: baridi isiyoisha, hata kwa kipimo cha Bukavu ambako wote tunavaa sweta; nywele zinazokatika huku manyoya laini yakiota mgongoni na mikononi; kufunga choo; hedhi iliyokoma. Hili la mwisho mama huligundua kwa vitambaa visivyofuliwa tena, na hofu yake ya kwanza huwa mimba. Pimeni mimba, ndiyo, lakini jibu likiwa hapana msishukuru tu na kuondoka.

Kwa nini anawapikia wengine vizuri hivyo, na yeye hali?

Kwa sababu ana njaa. Mwaka 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa miezi 6, wakala karibu nusu ya kawaida yao. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili walipoanza. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirika ovyo, kujitenga na marafiki. Waliporudishiwa chakula, wengine walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba.

Kwa hiyo binti anayetwanga sombe saa nzima, anaonja kwa ncha ya ulimi na kuwagawia wadogo zake, hawafanyii mzaha. Njaa imemfunga kwenye jiko. Mengi mnayoyaita kiburi na ukaidi yatapungua uzito ukirudi, na kabla ya hapo mahubiri hayataingia.

Majirani wanasema ni karuho, amelishwa sumu. Tumpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji?

Tunaelewa kwa nini wazo hilo linakuja: mtu anakonda, anakauka, hospitali inasema haioni kitu. Hatutawabishia imani yenu. Tunasema jambo moja: msikubali atapishwe wala aharishwe. Dawa za "kutoa sumu" hufanya kazi hiyohiyo ya ugonjwa, yaani hufukuza maji na potasiamu. Moyo uliokwisha dhoofika kwa njaa unaweza kusimama kwa ndoo moja ya kuharisha. Maombi, sala, mazungumzo ya wazee, endeleeni navyo sambamba na hospitali.

Ni vipimo gani vifanywe kwanza?

Kukonda kuna baba wengi. Kabla ya kusema anoreksia, kituo cha afya kiondoe kifua kikuu, VVU, kisukari, minyoo na amiba, mimba, na tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi. Kisha viombwe vile vinavyopima madhara: ionogramu, yaani kipimo cha chumvi za damu (hasa potasiamu, fosfeti na magnesi kama maabara inaweza), sukari ya damu, hemoglobini, figo, na kipimo cha umeme wa moyo. Ulizeni bei ya ionogramu na ya kipimo cha moyo mapema, maana si kila kituo kinavyo na mtatumwa kwingine.

Onyo moja, kwa sababu limewapoteza wengi: vipimo vizuri havimaanishi mgonjwa ni mzima. Mwili unaojinyima hulinda damu yake mpaka siku za mwisho.

Na ule utepe wa rangi wa kupima mkono, uliotengenezwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, usisomwe hivyohivyo kwa msichana wa miaka 16. Kwake watumie uzito, urefu na umri kwa pamoja. Kwa mtu mzima, gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, chini ya 15 ni kiwango kibaya sana. Hata hivyo aliyeporomoka kilo 20 kwa miezi michache anaweza kuwa hatarini akiwa bado ana mwili wa kupendeza macho.

Ni lini hatari, ya kwenda leo leo?

Mlaze dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili. Chini ya 50 kwa kijana, au chini ya 40 kwa mtu mzima, ni hospitali. Msikubali "mimi ni mwanamichezo". Kisha mwombe achuchumae na ainuke bila kujishika popote. Asiyeweza kuinuka misuli yake imeliwa, naye ni hospitali. Kama kuna kipimo cha presha: namba ya juu chini ya 90, au inayoshuka zaidi ya 20 akisimama. Kama kuna kipimo cha joto: chini ya 35.5.

Pia asiyehitaji kipimo: amezimia, kifua kinauma, moyo unarukaruka, anatapika damu, anatapika mara nyingi kwa siku na misuli inakaza, amekataa chakula na maji saa 24, amechanganyikiwa. Au amesema afadhali kufa. Hilo la mwisho ulizeni wazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani pamoja na sumu ya panya zitoke ndani siku hiyohiyo.

Amekubali kula! Tumpe mengi haraka apate nguvu?

Hapana, na hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu watu wamekufa wakiwa wameanza kula.

Mwili uliokaa na njaa umezoea kuchoma mafuta na misuli yake. Sukari nyingi ikiingia ghafla, insulini inapanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya chembe. Damu inabaki tupu. Moyo unakosa mpigo, miguu inavimba, pumzi inakata, mtu anachanganyikiwa, mara nyingi katika siku za kwanza kabisa. Wenye hatari kubwa ni aliyekula karibu na bure kwa zaidi ya siku 10, aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito kwa miezi 3 hadi 6, mtu mzima ambaye hesabu yake ya uzito iko chini ya 16, na yeyote ambaye potasiamu ilikuwa chini kabla hata ya kuanza. Hawa waanze kula hospitalini, chakula kikipimwa na kupandishwa kwa siku, damu ikirudiwa, na vitamini B1 ikitangulia mlo wa kwanza.

Wauguzi wa Kivu wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Mtoto wa bwaki, yaani utapiamlo mkali, haanzishiwi maziwa ya tiba yenye nguvu nyingi, F-100. Anaanza na F-75, yenye kalori 75 kwa mililita 100, mpaka atulie. Sababu ni ileile. Mkimpata muuguzi ambaye hajawahi kusikia anoreksia, mwambieni hivyo: "Mchukulie kama mtoto wa bwaki, ila ana miaka 17." Ataelewa mara moja. Vipimo vyenyewe daktari atavikokotoa upya, visinakiliwe kutoka kwenye karatasi ya watoto.

Jambo jingine: serumu, yaani maji ya mshipa. Familia nyingi zikiona mtu amedhoofika hukimbilia kliniki ya karibu "atundikiwe serumu". Serumu ya sukari kwa mtu wa aina hii, bila B1 na bila ionogramu, inaweza kuanzisha balaa lilelile kwa haraka kuliko bugali.

Bukavu twende wapi, na tuseme nini mlangoni?

Anzeni kituo cha afya cha mtaa wenu: apimwe uzito, mapigo, presha akiwa amelala na amesimama, na mpewe karatasi ya kutumwa. Mwili ukiwa hatarini, nendeni Hospitali Kuu ya Mkoa au Panzi. Kwa upande wa akili kuna SOSAME, kituo cha Mabruda wa Upendo, kinachotibu magonjwa ya akili hapa mjini. Ndugu zenu walioko Goma wana Tulizo Letu, na wa Lubumbashi wana kituo cha Joseph Guislain, vyote vya mabruda haohao. Kama njia inamwaibisha, mwambieni ukweli: kituo cha akili si gereza, na anaweza kutibiwa akirudi kulala nyumbani.

Mlangoni msiseme "hana hamu ya kula". Mtaondoka na dawa ya minyoo na sharubati ya hamu. Semeni: "Anaweza kula lakini anajizuia, tangu mwezi fulani, amepoteza kilo kadha, hedhi imekoma tangu tarehe fulani, na tunashuku anajitapisha." Bebeni daftari lenye siku 7: alichokula kweli, saa ngapi, na kilichotokea baadaye. Bebeni na maganda ya dawa mlizozikuta chumbani.

Wanasaikolojia wa mji huu wengi wamezoea zaidi majeraha ya vita na ubakaji. Hilo si baya, na wakati mwingine ndiko ugonjwa ulikotokea. Lakini muulizeni mambo mawili kabla ya kuanza: atashirikiana na nani anayepima uzito kila wiki, na je, atazungumzia milo yenyewe au ya zamani tu? Mazungumzo mazuri huku kilo zinashuka hayajawa matibabu.

Nyumbani tunaanzaje?

Kwa kijana anayeishi na wazazi, njia yenye ushahidi mzuri zaidi ilitengenezwa hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na kiini chake mama yeyote wa Bukavu atakielewa: kwa muda, wazazi wanachukua tena mamlaka ya chakula, kama mnavyofanya kwa mtoto mwenye malaria. Wanaamua nini, kiasi gani, saa ngapi. Kijana anarudishiwa uamuzi polepole uzito ukirudi. Huwa ni vikao 20 hivi na mtaalamu, miezi 6 hadi 12. (Kama mmoja wa wazazi ndiye anayempiga au kumdhulumu, njia hii haifai, tafuteni shangazi au mama mdogo asimame mahali pake.)

Sahani yake iwe peke yake, nanyi muipakue. Milo 3 na vitafunio 2 au 3, pasipite saa 4 bila kitu. Mlo dakika 30, kitafunio dakika 15, na mtu mzima amekaa naye mezani anakula pia. Baada ya hapo saa nzima pamoja: kupepeta mchele, redio, kazi za shule, chochote kisichokuwa chooni.

Msihangaike na vyakula vya bei. Tumbo lililokaa tupu linajaa haraka na linauma kweli, hasemi uongo, kwa hiyo ongezeni nguvu bila kuongeza mlima wa chakula. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya mawese kwenye maharagwe ni kama kalori 120. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 170. Nusu parachichi ni karibu 150. Yai ni 70 na kidogo. Uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) usipikwe mwepesi, na utiwe karanga za kusaga. Nyumba ambayo chakula chenyewe ni cha shida iegemee kwenye mafuta na karanga, na bugali lililobaki jana usiku ni kitafunio halali cha saa 4 asubuhi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Uzito ukisimama wiki 2, ongezeni, hata kama kwa macho anaonekana anakula sana. Mwili unaorudi huunguza mengi.

Akikataa? Msigombane, msibembeleze kwa robo saa, msiondoke. Sentensi moja fupi, sauti ya kawaida: "Najua ni ngumu. Chukua tonge lingine." Irudieni mara 20 ikibidi. Mlo ukishindikana, unaofuata unakuja saa yake bila adhabu. Kinachoharibu zaidi, kuliko ukali wala upole, ni baba kusema hivi na mama kuruhusu vile jikoni. Elewaneni kabla ya kuketi.

Tumwambie nini, na tusimwambie nini?

Zuia "Umenona!" Wageni wa Jumapili wanaileta kama zawadi, na mgonjwa anaisikia kama hukumu, jioni hiyo hali. Piga simu kwa shangazi kabla hajafika: asiseme kitu juu ya mwili, si "umepona", si "umekonda", wala "una afya sasa". Aseme amefurahi kumwona, aulize habari za masomo. Usiseme pia "kuna watoto wanakufa na njaa Masisi". Anajua. Aibu hiyo ni sehemu ya ugonjwa tayari.

Siku ya kumfungulia mazungumzo, chagua saa isiyo ya kula, mahali pasipo na wadogo zake, na sema ulichokiona, si ulichokihitimisha: "Nimekusikia unatapika juzi na jana. Nimeogopa. Alhamisi tunaenda wote kupimwa." Akikana, usimlazimishe kukiri. Safari ya Alhamisi inabaki palepale.

Anatapika. Kuna la kufanya wakati matibabu yanasubiriwa?

Asipige mswaki mara baada ya kutapika, maana asidi imelainisha meno na mswaki unayasugua yaishe. Asukutue kwa maji yenye kijiko kidogo cha magadi ya chakula, asubiri saa moja. Anywe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya akiwa ametapika sana. Apimwe potasiamu: chini ya 3.5 imeshuka, chini ya 3 ni dharura.

Mwambieni pia ukweli wa hesabu, bila dharau. Kutapika hakurudishi chakula chote. Dawa ya kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula ilikwisha ingia kwenye utumbo mwembamba. Kilo inayopungua ni maji, na akiacha dawa mwili unavimba kwa siku kadhaa kisha unatulia wenyewe. Uvimbe huo ndio unaowarudisha wengi kwenye dawa, hivyo ajulishwe mapema. Dawa za kukojoza ni vilevile.

Mimi ndiye ninayekula usiku mpaka nashindwa kupumua. Sina nidhamu?

Ulikula nini kabla ya saa 8 mchana? Kwa kawaida jibu ni chai. Njaa ya mchana ndiyo injini ya usiku. Mwanafunzi anayekaa mbali na kwao, anayekula mara moja kwa siku ili franga zifike mwisho wa mwezi, mwili wake unamwandalia shambulio hilo. Tafiti za Marekani zimeona pia kwamba kula kwa kupindukia ni kwingi zaidi pale chakula kisipo na uhakika. Gawanya pesa ileile mara tatu. Andika kila unachokula wakati uleule, siyo jioni kwa kukumbuka. Na asubuhi baada ya usiku mbaya, kula chai na mkate kama kawaida. Usifunge kulipa deni, maana deni hilo ndilo linalokopwa tena usiku.

Wiki 4 bila mabadiliko, nenda kwa daktari. Kwa bulimia kuna fluoksetini, ambayo hapa hutolewa kwa miligramu 60 kwa siku, zaidi ya zile 20 za huzuni. Inapunguza mashambulio, haimalizi kazi peke yake, na mtu asijinunulie tu farmasi bila daktari. Kwa anoreksia hakuna kidonge kinachorudisha uzito. Chakula ndicho dawa, hatusemi kwa mfano.

Na dawa za kunenepesha zinazouzwa barabarani?

Siproheptadini ni dawa ya mzio: huleta usingizi na hamu, ukiiacha hamu inaondoka. Deksametasoni ni hatari zaidi. Uso unajaa maji, watu wanashangilia, sukari na presha vinapanda kimyakimya. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache siku moja, kwa sababu tezi zake za juu ya figo zimelala na anaweza kuanguka. Daktari aipunguze kwa hatua.

Amesema anafunga kwa ajili ya Mungu. Tumkataze vipi?

Kwa sheria ya dini yake mwenyewe. Sheria ya Kanisa Katoliki inawafunga kufunga watu kuanzia miaka 18 hadi kutimiza 59, kwa hiyo msichana wa 16 hadaiwi hata Jumatano ya Majivu, na mgonjwa ameachiliwa kwa umri wowote. Kurani, sura ya 2 aya ya 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kwenye vyumba vya maombi, zungumzeni na mchungaji faragha kabla ya zile siku 3 kavu, za bila chakula wala maji, naye amwambie kwa mdomo wake afunge kitu kingine, simu kwa mfano. Neno la mchungaji litafika pasipofika la mama.

Wavulana?

Ndiyo, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewatazamia. Kwao tafuteni mazoezi yasiyoisha na poda za misuli.

Shule ifanye nini?

Prefe (mkuu wa shule) na mwalimu mmoja wajue, si darasa zima. Asamehewe michezo mpaka daktari aseme. Kitafunio cha saa 4 kiliwe mbele ya mtu mzima. Mwaka wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mtasikia "amalize mtihani kwanza". Lakini mapigo yakiwa chini ya 50 mtihani hausubiriwi.

Mke wangu anakula udongo. Ni mambo haya?

Kwa mjamzito anayekula kidogo kama wengine wanavyokula, hapana. Pimeni hemoglobini, maana upungufu wa madini ya chuma huandamana nao mara nyingi, na udongo wa sokoni unaweza kuwa na risasi.

Huchukua muda gani?

Miezi kwa aliyewahi, miaka kwa aliyechelewa. Mapitio makubwa ya tafiti za anoreksia yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliona karibu nusu wanapona kabisa, theluthi wanapata nafuu, na mmoja kati ya watano anabaki nao. Mwili hutangulia, akili hufuata nyuma kwa miezi mingi, na katikati hapo yeye atakuwa na uzito mzuri na hasira nyingi. Msiache milo wakati huo.

Tuna mizani nyumbani. Tuifiche?

Itoke nyumbani kabisa, ikae kwa jirani. Apimwe mara 1 kwa wiki kituoni, siku ileile, asubuhi, amekwenda haja ndogo, amegeuka mgongo kama namba inamtesa. Avue viatu, sweta, na kikwembe cha juu, kwa sababu mawe hufungwa kwenye kikwembe. Na anayemsindikiza aangalie asinywe chupa nzima ya maji njiani.